Wazubuki Hawalii

Sogea karibu, na kabla sijafungua mdomo weka mkono kifuani uape. Sema: nitakayoyasikia yataingia sikio hili na hayatatokea la pili. Umeapa? Haya. Mimi mwenyewe niliapishwa, tena na mwenye siri, siku aliyokuwa akinishonea kandambili, nami mguu mmoja upo pekupeku siwezi hata kukimbia. Niliapa kwa macho yangu mawili, na yote mawili bado yanaona, kwa hiyo kiapo hakikuwa na makali sana. Ila kuna neno moja ambalo hata unikabe koo silitaji. Tukilifikia utalijua.

Kwenye kona ile, ubavuni mwa kinyozi, pana benchi la mbao lenye miguu mitatu mizima, na wa nne ni tofali. Wenyewe wa benchi ni wanne. Kuna Kamati, tarishi mstaafu, ambaye hata nzi wawili wakitua kwenye kikombe yeye hutaka kiitishwe kikao. Kuna Breki, dereva wa lori, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake hauna. Kuna Shangazi Birika, mwenye kahawa, anayemimina kwa mkono huu na kumuumbua mtu kwa mdomo ule. Na mwisho wa benchi, upande wa tofali, hukaa fundi viatu waliyembandika jina la Gundi. Jina lilianzia kwenye kazi, likahamia kwenye tabia: akinyamaza amenyamaza, akikasirika amekasirika, hakibanduki kitu. Mlango wa kinyozi hushinda wazi, na televisheni imetundikwa juu ya kioo, kwa hiyo walio benchini hutazama vizuri kuliko hata anayenyolewa.

Sasa kila siku saa kumi alasiri ilikuwa ikija katuni moja ya kuchekesha, ya viumbe wa sayari ya mbali. Wazubuki. Rangi yao kama kabichi, miguu mitatu, sikio moja tu, nalo liko utosini kama mpini wa kikombe. Sayari yao waliipoteza wenyewe: walikuwa matembezini, wakakata kona vibaya kwenye nyota fulani, wakashindwa kurudi. Wakaangukia kwenye tangi la maji juu ya ghorofa la watu, wakahamia humo. Kila siku wanatafuta kazi za binadamu, kila siku wanafukuzwa. Na maumbile yao wameumbwa hivi: sikio la Mzubuki, hata akilala, huelekea kwao. Na Mzubuki hajui kulia. Akipakumbuka kwao, hucheka.

Kicheko hicho ndicho kilichommaliza Gundi.

Siku ya kwanza alikuwa amebana misumari midomoni, anagonga soli, hana habari na katuni wala na dunia. Akamsikia Mzubuki mdogo kuliko wote akicheka: anavuta pumzi kwa ndani, hi-hi-hi, kama mtu anayepanda ngazi mbio, halafu mwisho kwikwi moja. Misumari ikamdondoka. Duniani aliwahi kuwasikia watu wawili tu wakicheka hivyo. Wa kwanza alimzika kwa mikono yake. Wa pili alimfukuza kwa mdomo wake.

Wa kwanza ni marehemu mkewe. Wa pili ni binti yao. Mtoto yule toka anatambaa alikuwa akiiga sauti: mashine ya kinyozi, bawaba ya mlango, Shangazi Birika akidai vikombe vyake. Alipokua akasema anataka kwenda mbali, kwenye nyumba wanakorekodi, awe mtu wa kutia sauti kwenye katuni. Gundi akamwambia, "Nimekulea kwa sindano, leo unataka kwenda kulia nyau mbele ya mashine? Nenda. Lakini jina langu usiondoke nalo. Liache hapo mlangoni." Binti akavaa viatu alivyoshonewa na baba huyo huyo, akaenda. Mwaka wa kwanza simu ilikuwa ikilia kila Jumapili, Gundi akiitazama mpaka inyamaze. Mwaka wa pili ikaacha kulia. Sasa ulikuwa wa sita. Benchini aliwaambia binti kaolewa mbali, na kila aliposema hivyo alikuwa akiinama kutafuta uzi.

Basi akawa na hamu moja tu, imemkaa kooni kama mwiba wa samaki: kuyaona majina. Mwisho wa katuni majina hupanda, ya wachoraji, ya wapiga muziki, na ya wenye sauti. Kama ni yeye, jina lake litapita pale. Na nyuma ya jina lake, je, kuna nini? Kama amelitii neno la baba yake akaliacha jina mlangoni, basi ameondoka kweli. Kama hakulitii, basi pengine kuna uzi.

Ila kinyozi naye ana lake. Majina yakianza tu kupanda, chap, anahamia kwenye mpira. Anasema majina hayafungi goli.

Ndipo Gundi akaiba rimoti.

Unashangaa nini? Mtu mzima ndiyo, mvi ndiyo. Aliiba mchana kweupe, kinyozi amempaka mteja povu, akaitumbukiza kwenye buti. Buti la mlinzi mmoja aliyelileta akasahau kulirudia, na kidoleni lina tundu la kuingia punje ya hindi. Jicho la rimoti likakaa sawasawa pale tunduni. Tangu siku hiyo ukimwona Gundi kapachika mkono ndani ya buti mpaka kwenye kiwiko, kalinyanyua juu, kafumba jicho moja, utasema anakagua ushonaji. Kumbe anaipiga televisheni shabaha. Kinyozi akiweka mpira, buti linarudisha katuni. Ila mle ndani ni giza, vidole vinapapasa. Juzi majina yalipotokea alibonyeza sauti ikapaa, mteja nusura apoteze sikio. Jana aligeuza lugha, Wazubuki wakasema maneno ambayo hata Wazubuki hawayajui.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Walishatangaza: Wazubuki leo wanamaliza, kuanzia kesho saa hiyo ni mafunzo ya ufugaji wa nyuki. Gundi akatafuta dawa yake mwenyewe. Kwenye kile kitufe cha kusimamisha picha, chenye vijiti viwili vimesimama kama nguzo za goli, akadondoshea tone la gundi, ili kidole kikipapasa kikijue. Akaliweka buti juani likauke taratibu.

Halijakauka, kinyozi akatoka na taulo begani.

— Jamani, siku ya nane hii! Rimoti sina, na televisheni inajiendesha! Napanda stuli, naweka mpira kwa mkono wangu huu. Nikishuka, katuni!

— Nilisema iundwe kamati, akasema Kamati. Haraka haraka haina baraka, lakini mngeniwahi.

— Sasa tuharakishe au tusiharakishe?

— Yote mawili. Kwa utaratibu.

— Kamati ya nini? Breki akaweka kikombe chini. Mwizi anajulikana. Ni wao.

— Wao nani?

— Wazubuki. Wamo humo ndani ya king'amuzi. Mawimbi, bwana! Mimi nimeendesha lori nchi kavu na nchi mbichi, redio nimezima, nikasikia mtu ananicheka kwenye usukani.

— Ulikuwa umesinzia, akasema Shangazi Birika.

— Mimi? Mimi nikilala nakuwa macho!

— Ndiyo maana lori lako lilikutwa limepaki kwenye shamba la mihogo.

Wakacheka. Breki hakukubali.

— Chekeni tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mliwaita njoo, njoo, kila siku saa kumi mnawatolea macho. Sasa wamekuja. Mmeona mwenyeji anapona? Hata rimoti hana!

— Methali hiyo umeiendesha kinyumenyume. Irudishe gereji.

Kamati akakohoa kama anayefungua mkutano.

— Mimi nimelichunguza jambo hili. Wale hawakupotea. Walitumwa. Kile si sikio, ni antena. Ghorofa lote linakunywa maji ya tangi wanalolala wao, ina maana watu wote wa mule wameshakunywa uzubuki. Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndiyo maana kinyozi siku hizi anakunja miguu kama ana mitatu, akasema Breki.

— Nitakunyoa nusu nikuache hivyo hivyo!

— Na nina ushahidi, Kamati akaendelea. Mtu aliyepotea huuliza njia. Nani kati yenu amewahi kuwasikia wakiuliza njia?

Na kweli, siku zote hizo hakuna aliyewasikia. Shangazi Birika akawa anasuuza kikombe polepole.

— Ni aibu, akasema. Kona walikata wenyewe. Aliyepotezwa na watu atauliza njia. Aliyepotea kwa kiburi chake haulizi. Atakaa kwenye tangi miaka sita, acheke.

Gundi akajichoma sindano kidoleni. Akakinyonya kidole. Ile miaka sita Shangazi kaitoa wapi? Katuni ilikuwa na miezi mitatu tu.

— Gundi bwana, Breki akamgeukia, wewe fundi. Mzubuki akija na miguu yake mitatu, utamshonea nini? Jozi na nusu?

— Viatu vya kurudia, akasema Gundi.

— Vya nini?

— Vya kwenda kila mtu anashona. Ningemshonea vya kurudia.

Watu wakatazamana. Gundi kwa kawaida maneno yake kwa siku hayajazi kiganja. Kamati alitaka kuuliza hilo ni hoja au taarifa, lakini kahawa ikamchoma ulimi.

Wakati huo huo akatokea binti mmoja ambaye kona ile haijapata kumwona, mkoba wa vifaa begani, ngazi fupi mkononi. Umri wake... Gundi aliupiga hesabu bila kutaka. Ishirini na sita, saba. Kama yule.

— Shikamooni. Mimi ndiye fundi wa ving'amuzi. Ni nani aliyepiga simu kwamba chake kina pepo?

— Marahaba mwanangu, karibu! Kinyozi akamdaka mkono. Si pepo, ni Wazubuki. Nenda nacho, kipimwe, kipasuliwe, mimi sikitaki humu.

— Basi nakifungua sasa hivi, nakwenda nacho.

— Si leo!

Sauti hiyo ilitoka upande wa tofali. Benchi zima likageuka. Gundi alikuwa amesimama, nywele za mkono zimesimama naye.

— Si leo kwa nini? kinyozi akauliza.

— Leo... wanamaliza.

— Nani wanamaliza?

— Wazubuki.

— Gundi! Wewe si ndiye uliyesema katuni ni upuuzi wa watu wasio na viatu vya kushona?

Gundi akainama kutafuta uzi. Shangazi Birika akamtazama, akalitazama buti juani, akamtazama tena. Akamimina kahawa kikombe kimoja, akampa yule fundi.

— Mimi ndiye nataka kuwaona wakimaliza, akasema. Gundi ananisemea tu, koo langu linaniuma. Kaa mwanangu, ni dakika ishirini. Televisheni haikimbii. Na wewe kinyozi, ukibisha leo hunywi hapa mpaka mwakani.

Kinyozi na kahawa! Akarudi ndani ananung'unika. Yule binti fundi akakaa katikati ya Kamati na Breki. Muziki wa katuni ukaanza. Gundi akaliinua buti kutoka juani, akatumbukiza mkono.

Gundi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Aliisikia ikimlamba ncha ya kidole. Akaacha hivyo hivyo, maana mkono ukishaingia vitani hautoki kunawa.

Leo Wazubuki walikuwa wameokota redio mbovu jalalani. Wakaitengeneza kwa vijiko na waya wa kuanikia nguo, wakaibeba hadi juu ya mfuniko wa tangi. Masikio yote yakageuka upande mmoja. Mkubwa wao akasema, sasa tupigeni nyumbani. Wakasukumana, kila mmoja anamtuma mwenzake, mwisho wakamtwisha mdogo. Akashika chombo. Redio ikalia huko mbali, ikalia, ikalia. Benchi zima shingo mbele. Hata mteja wa kinyozi aligeuka na povu lake. Ikalia mpaka ikanyamaza.

Mdogo akakirudisha chombo mahali pake, taratibu, kama anayelaza mtoto. Halafu akacheka. Hi-hi-hi. Kwikwi.

— Mbona anacheka na hawakupokea? akauliza fundi.

— Mwanangu, Kamati akamweleza, Wazubuki hawalii.

— Ah.

Gundi aliziona Jumapili zote za mwaka ule zimepangwa mstari, kila moja na simu yake inalia juu ya meza. Alikuwa amekaa pale pale, hatua mbili. Alidhani anayeumia ni yeye peke yake.

Majina yakaanza kupanda.

— Haya, mpira! kinyozi akasema, akavuta stuli, akapanda.

Wachoraji wakapita. Wapiga muziki wakapita. Gundi akainua buti. Kinyozi akanyoosha mkono. Yakatokea maandishi makubwa, *Sauti za Wazubuki*, na kidole cha Gundi kikalikuta lile tone, kikakandamiza kwa nguvu zote za miaka sita.

Picha ikasimama tuli.

Kinyozi akabaki juu ya stuli, mkono hewani.

— Mnaona? Mnaona? Sijagusa! Sijagusa kitu!

— Wamegoma kuondoka! Breki akaruka. Niliwaambia! Wanasema ndani hatutoki!

— Kikao cha dharura! akapiga kelele Kamati. Kila mtu akae alipo!

Gundi hakuwasikia. Alikuwa amekaza macho, lakini macho ya mshona viatu yamezoea kilicho magotini, na mlango ule ulikuwa mbali. Herufi zilikuwa zikiogelea. Akasogea hatua, buti bado juu. Ndipo yule fundi, kikombe mkononi, akauliza kwa adabu kabisa:

— Samahani baba, mbona buti lako linakonyeza?

Jamani, watu wale walikuwa na jibu la kila kitu. La sikio, la tangi, la mawimbi, la nchi mbichi. Hili hakuna aliyelijibu. Wakatazama wote. Kweli, pale kidoleni mwa buti kataa kadogo kekundu kalikuwa kakiwaka na kuzima, kakiwaka na kuzima.

Kinyozi akashuka stuli bila kuangalia anakanyaga wapi. Akalishika buti kwa kisigino, akavuta. Buti likatoka. Rimoti haikutoka. Ilibaki inaning'inia kwenye kidole cha Gundi, imenata, mbele ya benchi, mbele ya mteja mwenye povu, mbele ya wapita njia wawili waliosimama kwa faida yao.

— Gundi! Siku nane! Siku nane mimi napanda na kushuka stuli kama kuku! Na wewe unakaa hapo unanionea huruma!

— Azomewe! akasema Breki. Siku za mwizi ni arubaini, huyu kajitahidi, kamaliza nane tu!

— Aandike maelezo, akasema Kamati. Nakala tatu.

— Mzee mzima, unaiba rimoti kwa sababu ya katuni! Sema! kinyozi akafoka. Ulikuwa unatafuta nini humo?

Gundi aliinua ule mkono wenye rimoti, akaonyesha televisheni. Sauti yake ikatoka kama uzi mwembamba.

— Nisomeeni. Kwanza nisomeeni. Mdogo wao. Mstari wa mdogo wao.

Breki, ambaye husoma kila kitu kwa sauti kama kibao cha barabarani, akaingiza kichwa mlangoni.

— Mkubwa wao... huyu simjui. Wa kati... simjui. Mdogo wao...

Akalisoma jina la kwanza. Hilo ndilo neno lenyewe nililokwambia silitaji. Jina la mtoto wa watu.

— Halafu? akasema Gundi.

— Halafu... Breki akafuta macho kwa kiganja, akasoma tena, safari hii polepole, kama gari kwenye tope. *Binti... Gundi.*

Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma mezani, kinyozi akanyoosha mkono akaizima.

Alimkataza jina lake. Naye mtoto akalitii neno: lile la kwenye vyeti aliliacha pale pale mlangoni alipoambiwa aliache. Akaondoka na la benchini, ambalo hakuna aliyekumbuka kumkataza.

— Kaolewa mbali, ee? akasema Shangazi Birika, taratibu. Mimi toka wiki ya kwanza niliisikia ile kwikwi. Nilikuwa nangoja nione mwenyewe utalibeba buti hilo mpaka lini.

Gundi mabega yalianza kumcheza. Yule fundi akasimama, akaweka kikombe chini.

— Baba, unalia?

— Hapana, akasema Gundi. Nacheka.

Akataka kuushusha mkono ajifute, maana uso ulikuwa umelowa hadi kidevuni, na rimoti ile ikayumba kwenye kidole. Kinyozi, mwenye mali, mwenye kesi, mwenye siku zake nane, akamrukia akaudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia pale pale juu.

— Usibandue, mzee! Utaliondoa jina. Tulia hivyo hivyo. Breki, mfukoni mwake mna simu. Itoe, tumpigie mtoto.